Pumzi Tatu

Ulizaliwa Toledo, Ohio, mtaa wa viwanda vya vioo,
ambako theluji huanguka nyeupe na kulala kijivu.
Baba yako, Horace Pomfret, alikuwa mpuliza chupa;
tanuri lilimla nyusi, mashine zikamla masikio,
na mezani kwenu hata chumvi iliombwa kwa kelele.
Hapo ndipo ulipojifunza, Ardis, una miaka saba,
kwamba neno likipigiwa kelele hupungua,
na kwamba mama yako akinyamaza
hata sahani zilijua.

Mimi nilikuwa fundi wa taa.
Sikusoma tamthilia; nilisoma swichi, nyaya,
na jasho kwenye paji la mwigizaji.
Ulinijia New York, mswada umefungwa kwa kamba ya kiatu,
koti la kiume limekumeza mikono,
ukauliza: "Giza lako laweza kuja polepole kiasi gani?"
Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za giza.
Wote walitaka mwanga, tena uwe juu yao.

Kila ukurasa, kati ya maneno, uliandika:
*Kimya. Pumzi tatu.*
Waigizaji walizichukia pumzi hizo,
wakazivuta kama mtu anayelipa deni la mwenzake.
"Mikono yangu niiweke wapi?" aliuliza mmoja.
"Iache ikuaibishe," ukamjibu.

Usiku wa kwanza, watu mia mbili.
Wa pili, sabini.
Wa nne, kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa wanakimbia mvua.
Gazeti likasema umetunga mchezo wa watu wanaosubiri chai.
Uliikata habari ile kwa mkasi
ukaibandika jikoni, juu ya birika.

Kisha miaka kumi na mitatu.
Matangazo ya sabuni redioni: sekunde thelathini, bila pumzi hata moja.
Wasichana uliowafundisha kupiga taipu.
Clifford wa bima, mpole, uliyeolewa naye
na mkaachana kwa upole uleule.
Baba ukamzika Februari, ardhi ngumu hadi sururu ikalia,
na mchungaji akahubiri kwa kupaza sauti,
maana ndivyo alivyozoea kusema naye.

Ulikuwa na miaka hamsini na mmoja
tulipopanda ngazi hadi chumba kilichokuwa juu ya duka la misumari,
viti themanini na vinne, vyote vya kukunja.
Jukwaani, meza. Mzee anaomba chumvi.
Mkewe anaitazama sahani.
Nilishusha taa kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala,
na hakuna aliyekohoa.
Chini yetu mtu aliuziwa nyundo; tulisikia droo ya pesa ikifungwa.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga.
Hawakusema kama mshindo huo
waweza kunuka gundi na rangi ya milango.

Foleni ikazunguka kona. Tuzo ikaja.
Gazeti lilelile likakuita kipaji kipya,
ukacheka hadi ukashika ukuta.
Mchezo uliofuata ulikuwa mbaya.
Nasema hivyo kwa sababu ungesema hivyo.

Mwisho koo lilikuasi. Madaktari walichukua sauti,
ukabaki na penseli na vipande vya karatasi.
Cha mwisho ulichonipa ninacho bado:
*Taa ya kushoto inachelewa.*

Aprili hii nilikwenda Sandusky, kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule,
harufu ya mpira na nta ya sakafu,
goli la kikapu likining'inia juu ya meza ya mama yako.
Binti mwenye waya menoni ndiye aliyekuwa mama yako.
Chumvi ikaombwa. Akaitazama sahani.
Nikahesabu: moja.
Mbili.
Akashindwa, akasema neno lake mapema.
Pumzi mbili na nusu.
Ile nusu nilitoka nayo hadi kituo cha basi,
theluji ya mwisho ikianguka,
nikaivuta mwenyewe.